Kurusha Ndege ya Rimoti Kwenye Uwanja wa Pamoja: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Malalamiko huwa ni yaleyale. Mtu amejifunza kwenye programu ya mazoezi ya kompyuta, amerusha peke yake shambani mwezi mzima bila tatizo, kisha siku ya kwanza anapoingia kwenye uwanja wenye watu wengine mambo yanamharibikia. Mmoja kagongana na mwenzake hewani. Mwingine kafokewa hadi hataki kurudi. Mwingine kashonwa vidole viwili.

Ninapowaomba wanisimulie walichofanya tangu walipofika, karibu kila mara kosa halikuanzia hewani. Lilianzia chini, dakika kumi kabla ya kupaa, na lilitokana na mtu kunyamaza mahali alipotakiwa kusema. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa chini muda mrefu kuliko hewani. Nimeuandika kwa ndege za povu zenye mota ya umeme, mabawa ya mita 1 hadi 1.5, kwa sababu ndizo wengi wetu tunazoanza nazo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Ndege iliyokaguliwa nyumbani, rimoti yenye chaji ya kutosha, na propela mbili za akiba.
- Betri za lipo (zile za lithiamu za kuchaji) ndani ya sanduku la chuma au mfuko usioshika moto. Usizitupe ndani ya begi pamoja na funguo na bisibisi.
- Kipimo kidogo cha volti kinachosoma seli mojamoja.
- Ndoo ya mchanga mkavu.
- Kigingi na kamba ya kuzuia ndege isitembee, au mwenzako wa kuishikilia.
- Fito yenye utepe mwepesi wa kuonyesha upepo.
- Bandeji, gozi safi na dawa ya kuoshea vidonda.
- Kofia yenye ukingo, miwani ya jua, na viatu vya kufunika vidole. Kandambili ziache nyumbani.
- Filimbi.
- Mtu wa pili. Si lazima ajue kurusha. Kazi yake ni kutazama vile usivyoviona wewe ukiwa umekodolea macho ndege yako.

Watu wengi hawaweki huyo mtu wa pili kwenye orodha, nami namweka sawa na betri. Asipokuwapo, subiri apatikane.

## Hatua ya 1: Kibali kwanza, kabla ya kuchaji

Uwanja kuwa wazi hakumaanishi anga yake iko wazi. Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani za mwaka 2020 zinazosimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, na Tanzania jambo hili liko chini ya mamlaka yake, TCAA. Uliza ofisi yao kuhusu eneo lako hasa. Mtu wa Nairobi akumbuke kwamba ndege ndogo za uwanja wa ndege wa Wilson hupita juu ya mitaa mingi, tena nyingine zikiwa chini. Walioko Marekani wanatakiwa na FAA, mamlaka ya anga ya huko, kufanya mtihani wa bure uitwao TRUST, na ndege inayozidi gramu 250 lazima isajiliwe.

Halafu kuna mwenye ardhi: shule, kanisa, kijiji, mtu binafsi. Kibali cha mamlaka ya anga hakikupi ruhusa ya kukanyaga majani ya mtu.

Utajua umefanikiwa pale utakapoweza kumjibu askari, mwalimu mkuu au mzee wa mtaa akikuuliza, "Nani amekuruhusu?" kwa kutaja jina la ofisi na la mtu.

## Hatua ya 2: Ukifika, piga hodi

Usishushe chochote kwenye gari au pikipiki. Simama, tazama walio hewani wamalize, kisha wasalimie. Usimsemeshe mtu ambaye ndege yake iko juu. Hata "shikamoo" isubiri. Anayekugeukia kwa adabu anaacha kutazama ndege yake kwa sekunde mbili, na sekunde hizo mbili zinatosha.

Akishatua, uliza mambo matano: Leo msimamizi ni nani? Njia ya kurukia ni ipi? Mzunguko unaelekea wapi? Ni wapi hairuhusiwi kupita? Nani mwingine anautumia uwanja huu?

Swali la mwisho ndilo hasa la huku kwetu. Kiwanja hichohicho kina vijana wa mpira wanaoanza saa kumi, mchungaji mwenye mbuzi, na njia ya mkato ya akina mama wanaotoka sokoni. Wao walikuwapo kabla yetu. Mfuate mchungaji umwambie utarusha upande gani na kwa muda gani. Mimi humwomba anipungie mkono anapotaka kuvusha mifugo, nami hutua kwanza. Tangu nianze kufanya hivyo sijagombana na mfugaji hata mmoja.

## Hatua ya 3: Soma ramani ya uwanja kwa miguu

Uwanja ulio salama una mistari minne iliyo sambamba, hata kama haijachorwa. Kwanza ni njia ya kurukia. Nyuma yake, karibu mita 8, wanasimama marubani, wote pamoja. Nyuma yao mita 10 nyingine ni mahali pa kuandalia ndege. Nyuma zaidi, walau mita 20 kutoka kwa marubani, ni watazamaji, watoto, magari na chakula.

Kusimama pamoja kuna sababu mbili. Mkitawanyika, mtu mmoja atajikuta amesimama ndani ya njia ya ndege ya mwenzake. Pili, hamtasikiana, na usalama wote wa uwanja wa pamoja unategemea kusikiana.

Ndege huruka mbele ya mstari wa marubani tu. Kupitisha ndege juu ya vichwa vya watu "kidogo tu, kugeuza" ndilo kosa linalofukuzisha wageni wengi viwanjani, na wanafukuzwa kwa haki. Chagua alama ya mbali, kama mwembe au mnara wa simu, uwe mpaka wako kila upande.

## Hatua ya 4: Sema unatumia mawimbi gani

Rimoti za kisasa za 2.4 GHz hurukaruka kwenye masafa zenyewe, kwa hiyo watu kadhaa hurusha pamoja bila kuingiliana. Hatari iko kwenye vifaa vya zamani vya 35 au 72 MHz, ambavyo bado huonekana, hasa vilivyoletwa kama msaada au kununuliwa mtumba. Hivyo hutumia chaneli moja isiyobadilika. Wawili wakiwasha chaneli moja, aliye hewani anaanguka. Ukiwa na rimoti ya namna hiyo, ibaki imezimwa mpaka kila mtu akuhakikishie kuwa chaneli hiyo iko huru.

Wanaorusha kwa miwani ya video wana shida hiyohiyo upande wa picha. Mtu akiwasha kamera yake ya 5.8 GHz kwenye chaneli ya mwenzake, yule aliye juu anapofuka ghafla. Taja chaneli yako kwa sauti, subiri jibu, ndipo uwashe. Na anayevaa miwani lazima awe na mtu pembeni anayeiona ndege kwa macho yake mwenyewe.

## Hatua ya 5: Kuunganisha betri

Hapa tuende polepole, kwa sababu hapa ndipo damu inapomwagika.

Propela ya inchi 10 ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 480 kwa saa. Ni plastiki nyembamba, lakini kwa kasi hiyo inafanya kazi ya kisu. Na mota ya umeme haiungurumi kwanza kukuonya kama ile ya mafuta. Imetulia kimya, na nukta inayofuata imeshashika kasi. Tangu betri inapounganishwa, ihesabu ndege kuwa ina mota inayozunguka, hata kama umeiona imesimama.

Fuata mpangilio huu bila kuruka hata kimoja:

1. Weka ndege chini, pua ikielekea njiani, mbali na watu. Ifunge kwenye kigingi au mwenzako aishike kwa nyuma ya mabawa.
2. Washa rimoti kwanza. Ukianza na ndege, risiva (kipokezi cha mawimbi kilicho ndani ya ndege) itakuwa inasubiri ishara isiyokuwapo, na baadhi ya vifaa huweza kushtusha mota.
3. Soma jina la ndege kwenye kioo cha rimoti. Rimoti moja hukumbuka ndege nyingi, na kurusha ndege hii kwa kumbukumbu ya ile ni njia ya haraka ya kuivunja.
4. Kijiti cha nguvu kiwe chini kabisa, na swichi ya kukata mota iwe upande wa kukata.
5. Sema kwa sauti: "Nawasha!" Subiri walio karibu wageuke.
6. Unganisha betri ukiwa nyuma ya propela. Mkono usipite mbele yake wala usikae kwenye duara lake. Tai, lanyadi (kamba ya rimoti ya shingoni), mikono mirefu ya kanzu na ncha za hijabu zifungwe vizuri kabla.

Ukimaliza kuruka ni kinyume chake: betri ya ndege inatoka kwanza, rimoti inazimwa mwisho.

Tahadhari kubwa: usiunganishe betri ndani ya gari, kwenye meza ya chakula, au ndege ikiwa mapajani. Na mtoto wa mtu akisogea kutazama, chomoa kwanza, ndipo umweleze. Mweleze kweli, usimfukuze tu. Aliyeelezwa hukaa alipoambiwa na huwaambia wenzake.

Umefanikiwa kama kila aliye mita kumi kutoka kwako anajua ndege yako ina umeme.

## Hatua ya 6: Kagua upande, si mwendo tu

Siku moja nilibadilisha servo, ile mota ndogo inayosogeza vipande vya bawa na mkia, usiku, na asubuhi uwanjani nikatikisa vijiti, nikaona kila kitu kinacheza. Nikapaa. Ndege ikalala kushoto. Nikavuta kulia, ikazidi kulala kushoto. Iligonga ardhi hatua chache kutoka kwa kijana aliyekuwa amekalia baiskeli yake, naye alikuwa pale kwa sababu sikuwa nimemwambia asogee. Hakuumia. Nilikuwa nimekagua kwamba aileroni, vile vipande vinavyocheza ukingo wa nyuma wa mabawa, zinacheza, sikukagua zinacheza upande gani.

Simama nyuma ya ndege, utazame kunakotazama pua yake:

- Sukuma kijiti kulia: aileroni ya kulia inapanda, ya kushoto inashuka. Kijiti huelekea bawa lenye aileroni iliyopanda.
- Vuta kijiti kuja kwako: eleveta (kipande cha mlalo kinachocheza mkiani) inapanda.
- Usukani wa mkia kulia: unakwenda kulia kwako.

Sema kila kimoja kwa sauti huku mwenzako akitazama. Jicho la mtu wa pili linaona ambacho jicho lako limeshazoea kukiruka.

Kisha pima umbali wa mawimbi. Rimoti nyingi zina hali ya nguvu ndogo kwa kazi hii. Iwashe, mwenzako akiwa ameshika ndege, tembea hatua 30 ukicheza na vijiti. Servo zikianza kutetemeka au kuchelewa, usirushe siku hiyo.

Jaribio la tatu lifanyie nyumbani, propela ikiwa imetolewa: ongeza nguvu kidogo, halafu zima rimoti. Mota lazima isimame yenyewe. Isiposimama, rekebisha mpangilio wa risiva kabla hujaipeleka ndege hiyo penye watu. Ndege iliyopoteza mawimbi na mota imesimama itaanguka karibu. Ile ambayo mota yake inaendelea, hujui itaangukia paa la nani.

Mwisho, inua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa, karibu theluthi ya kwanza ya upana wa bawa ukipima kutoka mbele, au pale alipoandika mtengenezaji. Ikielemea mkiani, sogeza betri mbele.

## Hatua ya 7: Maneno ya uwanjani

Kila uwanja una yake. Uliza yao uyatumie. Kama hawana, haya yanatosha:

- "Naingia njiani!" Unataka kuvuka au kuokota ndege. Usikanyage njia mpaka usikie "Njia nyeupe!" kutoka kwa kila rubani.
- "Napaa!" na upande unaoelekea.
- "Natua!"
- "Mota imekufa!" Wote wanakupisha. Huna nafasi ya kuzunguka tena.
- "Ndege ya watu!" Kuna helikopta au ndege halisi. Wote wanashuka papo hapo.
- "Angalieni juu!" Umepoteza udhibiti.

Tatizo si kuyajua, ni aibu. Wageni huyatamka chini ya pumzi, kama mtu anayejisemea. Jaza kifua. Ukisikia mtu amekujibu, umefaulu. Usiposikia jibu, hukusema.

## Hatua ya 8: Kupaa na kuzunguka

Paa ukikabili upepo. Utepe kwenye fito utakuonyesha. Pwani, kusi linapokaza katikati ya mwaka, rusha asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Bara, jihadhari na adhuhuri ya jua kali, maana kisulisuli cha vumbi hakitoi taarifa.

Usigeuze mara tu magurudumu yanapoachana na ardhi. Panda moja kwa moja hadi urefu wa miti mitatu, kisha ingia kwenye mzunguko wa wenzako, upande uleule wanaozungukia. Anayekwenda kinyume hukutana na wengine uso kwa uso. Baki chini ya futi 400, karibu mita 120. Kwa ndege ndogo ya povu hata nusu ya hapo ni mbali, kwani ukishindwa kujua pua iko wapi na mkia uko wapi, hurushi tena, unabahatisha.

Haki ya njia hupangwa hivi: ndege yenye watu mbele ya zote, kisha aliyekufa mota, kisha anayetua, kisha aliyeko kwenye mzunguko, mwisho anayepaa.

Mwewe akija kuichunguza ndege yako, ondoka eneo lake utue. Kumfukuza ndege hai ni ukatili, na mara nyingi ndege ya povu ndiyo inayoshindwa.

Na kama ikibidi kuchagua kati ya kuokoa ndege na kukaribia watu, zima mota uiangushe palipo wazi. Amua hivyo ukiwa bado chini, kwa sababu hewani hutapata muda wa kufikiri bei yake.

## Hatua ya 9: Kutua kabla betri haijakulazimisha

Weka saa ya rimoti. Usitumie zaidi ya asilimia 80 ya betri. Betri ya mAh 2200 inakupa 1760, na ndege ikila wastani wa ampea 15, hizo ni dakika 7. Kwa safari za kwanza weka 5, utue, upime, ndipo urekebishe. Seli ikipimwa chini baada ya kutua isiwe chini ya volti 3.6 hivi. Ikikaribia volti 3.0, umeiharibu.

Wageni kutoka pwani wanaorusha nyanda za juu hupata mshangao hapa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Ndege inahitaji kwenda kasi zaidi, karibu asilimia 9, ili ibaki hewani kama ilivyozoea Mombasa au Dar. Ukiipunguza kama kwenu, itaangusha bawa ghafla. Ukiileta na kasi inayohitajika, itatambaa mbali zaidi njiani. Basi anza kushuka mbali, na ukiona umepitiliza nusu ya njia bado uko juu, sema "Nazunguka tena!" kisha panda juu.

Ikishatua, zima mota kwa swichi, omba njia, ichukue, ondoka. Kujadili mtuo wako ukiwa katikati ya njia ni kuwanyima wenzako betri yao.

## Hatua ya 10: Ikianguka

Kata nguvu mara moja, hata kama imeshagonga. Propela iliyokwama na mota inayosukuma huunguza nyaya.

Iwapo imeangukia shamba la mtu, usipite juu ya mahindi. Nenda nyumbani kwake, piga hodi, eleza, omba aende nawe. Ukivunja mmea, lipa bila kubishana. Uwanja mzima hujulikana kwa tabia ya aliyekwenda mara ya mwisho.

Betri iliyopondwa, kutoboka au kuvimba isiwekwe kwenye begi. Inaweza kuwaka dakika nyingi baada ya ajali. Iweke wazi juu ya ardhi tupu, mbali na majani makavu, uitazame walau nusu saa. Ikianza kufuka moshi, ifunike kwa mchanga, usimame upande upepo unakotokea, na usiuvute ule moshi.

Kama kuna aliyeumia, kila aliye hewani anatua. Filimbi ni kwa ajili ya hapo.

## Kabla hujaondoka

Okota kila kipande cha povu, mbuzi hula. Okota na vya wenzako. Usiguse ndege ya mtu bila kuombwa, na usimrekebishe mwanafunzi wa mwingine mbele za watu. Kama una kamera kwenye ndege na ilipita karibu na nyumba, mwenye nyumba akitaka kuona picha, mwonyeshe, na akisema futa, futa.

Betri zilizobaki zimejaa zishushwe hadi volti 3.8 kwa kila seli ukifika nyumbani, kama hutaruka tena siku mbili tatu zijazo.

Kisha mwambie msimamizi umemaliza. Mwambie na mchungaji pia, maana bado anakupungia mkono, akidhani ndege ingali juu.